Elfu Mia Moja na Tatu: Namba Tasa au Namba ya Vigawo Thelathini na Viwili?

Utangulizi

Chukulia kwamba mwenye duka la vinyago na mazulia katika Ndia Kuu, ule mtaa unaoanzia karibu na Ngome ya Yesu na kupenya ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, amepokea hundi ya malipo ya bidhaa zake. Kwenye mstari wa maneno hundi hiyo imeandikwa: shilingi elfu mia moja na tatu. Mwenye duka anasoma 103,000. Aliyeiandika, akiulizwa, anashikilia kwamba alikusudia 100,003. Tofauti baina ya masomo hayo mawili ni shilingi 2,997, na hakuna hata mmoja wao aliyevunja kanuni ya sarufi ya Kiswahili.

Pengine itasemwa kwamba tarakimu zilizoandikwa pembeni zitamaliza ubishi. Sheria ya Kenya inayosimamia hundi na hati za malipo (Sura ya 27), ambayo ilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1882, inaelekeza kinyume: kiasi cha maneno kikitofautiana na kiasi cha tarakimu, kinachoshikwa ni kile cha maneno. Kanuni hiyo ilitungwa na watu waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza, lugha ambayo ndani yake namba hizi mbili haziwezi kuchanganywa zikiandikwa kwa maneno. Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza, wala si lugha ya taifa tu. Mtu ana haki ya kuandika hati zake kwa Kiswahili, na kwa hiyo swali la nini hasa maana ya maneno hayo si la darasani peke yake.

Makala haya yanachunguza kirai hicho kimoja, elfu mia moja na tatu, kwa jicho la hesabu na kwa jicho la sarufi. Yanaonyesha kwamba namba mbili zinazobebwa na kirai hicho ni za makundi yaliyo mbali kabisa katika uainishaji wa namba nzima, kwamba neno laki, lililoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, linatibu sehemu ya utata huo, na kwamba sehemu iliyobaki ina dawa ndani ya ngeli za Kiswahili, ingawa dawa yenyewe haifanyi kazi pale inapohitajika zaidi.

Namba mbili katika kirai kimoja

Istilahi za kuainisha namba zilizomo katika vitabu vya shule za msingi vya Tanzania zina utajiri ambao mwanafunzi wa Mombasa, anayefundishwa hesabu kwa Kiingereza, mara nyingi hakupata kuuonja. Namba inayogawanyika kwa mbili bila baki huitwa shufwa. Isiyogawanyika huitwa witiri. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu, na la pili linajulikana hata na mtoto wa Mji wa Kale ambaye hajaingia darasa la kwanza, kwa kuwa ndilo jina la sala ya usiku yenye idadi ya rakaa isiyo shufwa. Namba ambayo haina kigawo chochote isipokuwa moja na yenyewe huitwa namba tasa.

Tasa ni istilahi iliyoteuliwa kwa sitiari ya uzazi: namba hiyo haina kitu tumboni. Sitiari hiyo inaeleweka upesi, na ndiyo sababu imedumu, ila ina kasoro yake. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko moja hupatikana ama kwa kuwa tasa yenyewe ama kwa kuzidisha namba tasa, na kwa njia moja tu, mpangilio usipohesabiwa. Kwa maneno mengine, hizo zilizoitwa tasa ndizo mama wa namba nyingine zote. Aliyeteua istilahi alitazama upande wa kugawanya akasahau upande wa kuzidisha.

Sasa na itazamwe namba ya kwanza, 100,003. Ni witiri. Ili kujua kama ni tasa, inatosha kujaribu kuigawa kwa namba tasa zote zisizozidi kipeuo chake cha pili, nacho ni 316 na kitu. Namba tasa zisizozidi 316 ni 65, kwa hiyo mwanafunzi mvumilivu mwenye kalamu na karatasi ana kazi ya majaribio 65. Akiyamaliza yote atakuta kwamba hakuna hata moja inayogawa bila baki. Namba 100,003 ni tasa, tena ndiyo tasa ya kwanza baada ya 100,000. Iliyo nyuma yake katika orodha ni 99,991, na baina ya hizo mbili hakuna tasa nyingine: 99,997 ni 19 mara 5,263, 99,999 ni 9 mara 41 mara 271, na 100,001, ambayo kwa sura inaonekana kama tasa, ni 11 mara 9,091.

Namba ya pili, 103,000, ni shufwa. Vijenzi vyake ni 103, ambayo ni tasa, ikizidishwa kwa 2 mara tatu na kwa 5 mara tatu. Idadi ya vigawo vya namba hupatikana kwa kuongeza moja kwenye kila kipeo cha vijenzi vyake tasa na kuzidisha matokeo: hapa ni 2 mara 4 mara 4, yaani 32. Basi kirai kile kile, kwa herufi zile zile na mpangilio ule ule, kinataja namba isiyo na kigawo cha kati hata kimoja na namba yenye vigawo 32, cha moja na chake yenyewe vikiwamo. Mwalimu wa hesabu akiuliza kwa mdomo, "Elfu mia moja na tatu ni tasa?", majibu mawili yanayopingana yatakuwa sahihi.

Haielekei kwamba jambo hili ni la kirai kimoja kilichotafutwa kwa tochi. Elfu kumi na saba ni 17,000, yenye vigawo 32 pia, au ni 10,007, ambayo ni tasa ya kwanza katika namba za tarakimu tano. Kwa hesabu rahisi, toka elfu kumi na moja hadi elfu tisini na tisa, makumi yanayokwenda bila mamoja yakiachwa, kuna virai 81 vya aina hii: makumi tisa kwa mamoja tisa. Kila kimoja kati ya hivyo kina namba mbili.

Chanzo cha utata

Chanzo ni kwamba katika Kiswahili elfu si kiungo cha kihesabu tu bali ni nomino, na nomino hutangulia kivumishi chake cha idadi. Kama inavyosemwa nyumba tatu, ndivyo inavyosemwa elfu tatu: elfu zilizo tatu. Kuzidisha kwa hiyo hakuna alama yoyote isipokuwa kukaa jirani. Kujumlisha, kwa upande mwingine, kuna alama yake, kiunganishi na. Matatizo huanza pale kizidisho chenyewe kinapokuwa na na ndani yake. Hapo msikilizaji hana njia ya kujua mabano yanafungwa wapi. Elfu [mia moja na tatu] ni 103,000. [Elfu mia moja] na tatu ni 100,003. Wanaisimu huita hali hii utata wa kimuundo, na mifano yao ya kawaida huwa ni ya sentensi kama wazee na vijana hodari, ambapo haijulikani kama wazee nao ni hodari. Mifano ya idadi ni bora zaidi kufundishia, kwa sababu matokeo ya kila mabano yanaweza kuandikwa kwa tarakimu.

Mia haina tatizo hili. Kizidisho cha mia hakizidi tisa, na namba moja mpaka tisa hazina na ndani yake, kwa hiyo mia mbili na tano ni 205 basi. Mlango wa utata unafunguka elfu zinapovuka kumi, na kadiri namba inavyokua ndivyo mlango unavyopanuka. Elfu mia moja na ishirini na tatu ina masomo matatu: 123,000, 120,003 na 100,023.

Katika mazungumzo wasemaji hutumia kituo. Anayesema elfu mia moja, akanyamaza kidogo, kisha akaongeza na tatu, ataeleweka. Mwandishi anaweza kuweka mkato mahali pa kituo hicho. Lakini mkato ni kitu chepesi mno kubebeshwa shilingi 2,997, na katika hati nyingi hupotea kwa kunakiliwa.

Laki na wafanyabiashara wa pwani

Neno laki liliingia Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, ambako asili yake ni Kisanskriti. Halikuja peke yake. Pesa, rupia, hundi, na korija (mafungu ya ishirini ishirini ambayo wauzaji wa nguo walikuwa wakihesabia) ni masalia ya ofisi zile zile za wafanyabiashara waliokuwa wakishughulika katika miji ya pwani kama Mombasa na Unguja. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipotoa sarafu zake mwaka 1888, ilizitia jina la Mombasa na kuzipa kipimo cha rupia. Rupia ilikuwa na ana 16 au pesa 64. Fedha hiyo iliendelea kutawala hesabu za Kenya hadi ilipoondolewa mwaka 1920 na nafasi yake kuchukuliwa na florini, kisha shilingi kuanzia mwaka 1921. Zanzibar iliiacha rupia mwaka 1936.

Katika mpango wa Kihindi wa kuandika namba, baada ya elfu tarakimu hutengwa mbili mbili, si tatu tatu: laki huandikwa 1,00,000. Ni mpango unaoipa laki cheo chake yenyewe, si elfu mia tu. Kihesabu, laki ni 10 ikizidishwa yenyewe mara tano, hivyo vijenzi vyake tasa ni 2 mara tano na 5 mara tano. Ina vigawo 36. Kati ya hivyo sita tu ni witiri, navyo ni 1, 5, 25, 125, 625 na 3,125. Vilivyobaki 30 ni shufwa. Kwa kuwa vipeo vyake ni vitano vitano, laki si mraba wala si mchemraba, ingawa mwanafunzi huweza kudanganyika kwa sufuri zake: 316 mara 316 ni 99,856, na 317 mara 317 ni 100,489. Vigawo vyake vyote ukiacha yenyewe vikijumlishwa vinafika 146,078, zaidi ya laki yenyewe, na kwa hiyo iko katika kundi la namba zenye ziada. Namba kamilifu, ambazo jumla hiyo hulingana nazo barabara, ni adimu sana: baada ya 6, 28, 496 na 8,128 hakuna nyingine mpaka 33,550,336.

Wingi huo wa vigawo una faida sokoni. Laki ya rupia ikigeuzwa kuwa pesa ni 6,400,000, namba ambayo vijenzi vyake bado ni 2 na 5 tu, lakini vigawo vyake vimekuwa 72. Mtu angeweza kuigawa nusu, robo, thumuni na kuendelea bila kuvunja pesa hata moja. Kwa kupita, thumuni ni kielelezo kizuri cha jinsi majina ya idadi yanavyoishi zaidi ya idadi zenyewe. Maana yake ni sehemu ya nane, na iliyokuwa ikigawanywa kwa nane ni riale, iliyokadiriwa kuwa kama rupia mbili. Sehemu yake ya nane ilikuwa robo rupia, na rupia ilipolinganishwa na shilingi mbili, robo hiyo ikawa senti 50. Ndiyo maana wasemaji wa Kenya waliita nusu shilingi kwa jina la sehemu ya nane.

Faida kubwa zaidi ya laki, hata hivyo, ni ya kisarufi. Laki moja na tatu ni 100,003. Laki moja na elfu tatu ni 103,000. Utata wa hundi ya Ndia Kuu umeondoka wote. Kirai cha masomo matatu nacho kinapungua: laki moja na ishirini na tatu ni 100,023 bila ubishi. Laki moja na elfu ishirini na tatu inabaki na masomo mawili tu, 123,000 na 120,003. Kwa hiyo wanaolisahihisha neno laki katika insha za wanafunzi kwa madai kwamba ni la mtaani, na kuweka elfu mia moja mahali pake, wanaondoa neno la wazi na kuleta kirai chenye mashaka.

Itakuwa ni kutia chumvi, lakini, kudai kwamba laki inaponya yote. Laki zikivuka kumi ugonjwa ule ule hurejea. Laki kumi na tatu ni 1,300,000, yenye vigawo 72, au ni 1,000,003, ambayo, kwa bahati ya kuchekesha, nayo ni tasa, ya kwanza kabisa baada ya milioni. Hapo milioni huja kuokoa, mpaka nayo ivuke kumi.

Ngeli kama mabano

Kuna mahali ambapo sarufi ya Kiswahili inafunga mabano yenyewe. Linganisha watu elfu kumi na tatu na watu elfu kumi na watatu. Katika kirai cha kwanza tatu haina kiambishi cha watu. Inapatana na elfu, nomino ya ngeli ya I-ZI, nayo ni sehemu ya kizidisho. Watu hao ni 13,000. Katika cha pili watatu inapatana na watu moja kwa moja, maana yake imeruka juu ya elfu na kujumlishwa pembeni. Watu hao ni 10,003. Upatanisho wa kisarufi, unaofundishwa mara nyingi kama adabu ya lugha isiyo na maana ya ziada, hapa unabeba tofauti ya watu 2,997, ile ile ya shilingi za hundi.

Dawa hii ina mipaka miwili. Kwanza, si namba zote zinazopokea viambishi. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana. Sita, saba, tisa (au kenda, kama wanavyosema wengi Mombasa) na kumi hazipatani. Watu elfu kumi na saba hawana wa kuwaokoa. Mpaka wa pili ni mzito zaidi. Nomino zinazohesabiwa kwa maelfu na malaki katika hati ni shilingi, rupia, kura, nyumba, tani, ekari. Zote zimo katika ngeli ya I-ZI, ngeli ile ile ya elfu, na tatu ya shilingi haitofautiani kwa sura na tatu ya elfu. Matokeo ya uchaguzi yakisomwa redioni kwa Kiswahili, wapiga kura waweza kupambanuliwa kwa kiambishi wa-, lakini kura zenyewe haziwezi.

Haikulazimika kuwa hivyo. Kabla elfu ya Kiarabu haijashika nafasi, Kiswahili kilikuwa na neno lake la Kibantu, kikwi, wingi wake vikwi, ambalo kamusi na tungo za kale zingali zinalihifadhi. Kikwi ni cha ngeli ya KI-VI. Kama lingebaki katika matumizi, hundi ingeandikwa ama shilingi vikwi kumi na vitatu, ambazo ni 13,000, ama shilingi vikwi kumi na tatu, ambazo ni 10,003, na kiambishi vi- kingefanya kazi ya mabano bila mkato wala kituo. Kwa kukopa elfu, Kiswahili kilipata neno lililoeleweka bandari zote za Bahari ya Hindi, na kikapoteza kiambishi. Ni kweli kwamba mwenye kuhesabu viti au vitabu angekutana na utata ule ule upya, kwa kuwa vitatu ingeweza kuwa ya vikwi au ya viti. Lakini fedha zingesalimika.

Jina la mtaa wenyewe ni ushahidi kwamba si kila cha kale hufutwa. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na katika sanifu hiyo neno ni njia. Kimvita kina ndia, kama kilivyo na ndaa kwa njaa na nti kwa nchi, na hakuna aliyeubadilisha mtaa huo kuwa Njia Kuu. Kikwi hakikuwa na mtaa wa kukihifadhi.

Imebaki njia ya mwisho, ambayo baadhi ya wasemaji huitumia tayari: kutanguliza kizidisho. Kumi na tatu elfu ni 13,000, na mia moja na tatu elfu ni 103,000. Mkosoaji makini ataona kwamba hata hapa mabano mawili yanawezekana, kwani mia moja na [tatu elfu] ingekuwa 3,100. Lakini Kiswahili hutaja kikubwa kwanza, kisha kidogo. Hakuna msemaji anayeanza na mia akaja kwenye elfu kwa kujumlisha, na somo hilo la pili hufa kabla halijafika kwenye daftari la mwenye duka.